Yeyote Mwenye Linki

Usiku mmoja mwaka jana, saa tano na kitu, nilimkuta mnyama ndani ya rasimu yangu.

Nilikuwa kwa keja, laptopu magotini, nikipambana na insha niliyokuwa nimeianza mara tatu na kuitupa mara tatu. Juu ya ukurasa, pale Google Docs huonyesha nani mwingine yuko ndani ya faili, kulikuwa na kiduara chenye picha ya mnyama. Nikapeleka kishale pale. Jina lake, nikilitafsiri, lilikuwa Kwaga Asiyejulikana. Google humpa jina la mnyama mtu anayeingia kwa linki bila kualikwa kwa jina lake. Kuna kapibara, kuna axolotl, na kuna huyu kwaga, jamaa wa pundamilia wa Afrika Kusini aliyetoweka karne ya 19. Wa mwisho alifia Amsterdam mwaka wa 1883. Yaani nilikuwa nasomwa na mnyama ambaye hayuko duniani.

Ukibonyeza kile kiduara, unapelekwa pale mwenzako alipo kwenye ukurasa. Nikabonyeza. Nikapelekwa aya ya nne. Aya ya nne ndiyo ilisema kwamba nilikuwa nimeacha chuo miezi 14 iliyopita na mamangu hakuwa anajua.

Kishale cha Kwaga kilikaa hapo kama dakika mbili hivi. Kisha akaondoka.

Wacha nieleze alivyoingia. Tuko wanne, huwa tunasomeana kazi. Mmoja ni wa mashairi, mwingine wa hadithi fupi, mwingine ana tamthilia ambayo haijawahi kuisha. Mimi mchana naandika chochote kinacholipa, usiku naandika kisicholipa. Tuna grupu ya WhatsApp. Rasimu yangu niliwaalika kwa imeili zao, mmoja mmoja, vizuri kabisa. Dakika tano baadaye mmoja akaandika: "Buda, haifunguki. Inasema niombe ruhusa." Simu yake ina akaunti tatu za Gmail: ya chuo, ya kutafuta kazi, na moja aliyoifungua akiwa kidato cha tatu, yenye jina ambalo hataki lionekane na mwajiri yeyote. Nilikuwa nimealika moja, simu ikafungua kwa nyingine. Wa pili naye akasema inamkataa. Nilikuwa na usingizi, na sikutaka kuonekana yule msee wa kujifanya kazi yake ni siri ya serikali. Nikaingia kwa setingi, nikabadilisha iwe mtu yeyote mwenye linki, na kwa vile nilitaka waweze kunirekebisha, nikachagua mhariri. Nikanakili. Nikabandika.

"Jaribu saa hii."

"Imeingia. Fiti."

Ilinichukua kama sekunde kumi. Nimesoma mikataba ya nyumba kwa makini kuliko nilivyosoma kile kidirisha.

Hapa kwenye jarida huwa tunahakiki riwaya, filamu, albamu. Leo nataka kuhakiki maneno matatu: yeyote mwenye linki. Sidhani kuna maandishi ambayo waandishi wa rika letu wameyaona mara nyingi zaidi, na sidhani kuna ambayo tumeyasoma vibaya zaidi.

Tuanze na "mwenye". Kiswahili kinajua vizuri tofauti ya kuwa na kuwa na. Mtu uliyemwalika kwa imeili yake ni fulani. Lazima aingie na akaunti yake, faili inajua ni yeye, na kesho ukikosana naye unaweza kumtoa. Mwenye linki hana sura. Ni mkono tu ulioshika kitu. Faili haimuulizi yeye ni nani, inamuuliza tu amebeba nini. Tena kile alichobeba si kama ufunguo wa nyumba. Ufunguo ukimpa mtu, wewe unabaki bila. Linki ukimpa mtu mnakuwa nayo wawili, naye akimpa mwingine mnakuwa watatu, na hakuna aliyepungukiwa. Kwa hivyo hakuna anayehisi amechukua kitu cha mtu.

Halafu kuna "linki" yenyewe. Tukiogopa, huwa tunamuogopa mdukuzi aliyejifunika kofia, anayebahatisha namba gizani. Huyo msahau. Linki ya Drive ina msururu mrefu wa herufi na tarakimu ambao hakuna mtu ataubahatisha akiwa amekaa kwake. Shida ni kwamba anwani ndiyo kufuli. Anayeijua anwani ameshaingia. Na anwani tunaiacha kila mahali: kwa grupu, kwa historia ya kompyuta ya saiba, kwa skrini ya simu iliyoazimwa. Julai 2018, watu waliokuwa wakitafuta vitu kwenye Yandex, injini ya utafutaji ya Urusi, walianza kuona nyaraka za Google Docs za watu wasiowajua zikitokea kwenye matokeo. Hakuna aliyevunja mlango. Zilikuwa nyaraka zilizoachwa wazi, na anwani zake zilikuwa zimefika mahali mashine ingeweza kuziokota.

Na "yeyote"? Hilo ndilo neno la kweli kuliko yote pale, na ndilo tunalolifanyia tafsiri yetu ya uongo. Mimi niliposoma "yeyote" nilisikia "wale watatu". Akilini mwangu linki ilikuwa na ukubwa wa grupu yetu. Huo ni ukubwa nilioutunga mimi. Google walikuwa wameniambia ukweli kwa lugha nyepesi kabisa.

Bado kuna neno la nne, lile la "mhariri", ambalo kwetu sisi wa maandishi linauma zaidi. Mhariri ni mtu anayeheshimiwa. Unamngoja miezi, anakurudishia kazi ikiwa na damu, unamchukia wiki moja, kisha unamshukuru. Kwa Drive mhariri ni yeyote mwenye kidole. Anaweza kufuta aya, anaweza kuandika yake, na usipomzuia kwa setingi anaweza kualika wengine. Zaidi ya hayo, anaweza kufungua historia ya matoleo na kurudi nyuma, toleo kwa toleo, hadi kwenye sentensi ulizozifuta. Hili lilinikosesha usingizi kuliko ile aya ya nne. Ya nne nilikuwa nimekubali kuiandika. Lakini kulikuwa na mambo kuhusu mama niliyoyaandika nikiwa na hasira, nikayafuta kwa sababu hayakuwa ya haki, na bado yalikuwa pale chini, yamehifadhiwa na tarehe na saa.

Tunapenda kusimulia jinsi Ngũgĩ wa Thiong'o alivyoandika Caitaani Mũtharaba-inĩ kwa karatasi za chooni akiwa amezuiliwa Kamiti mwaka wa 1978. Sehemu inayosahaulika ni kwamba askari jela walimsaka na kuichukua ile kazi, kisha baadaye ikarudishwa. Fikiria zile siku za katikati. Rasimu moja, nakala moja, na iko mikononi mwa serikali. Hofu ya mwandishi wa wakati ule ilikuwa kupoteza. Ya kwetu imegeuka. Sisi hatupotezi kitu. Simu ikianguka kwa choo, rasimu iko salama mawinguni. Kile tunachoshindwa nacho ni kuizuia isizaane.

Na rasimu inayozaana si jambo la sisi wadogo pekee. Kati ya Agosti 2016 na Januari 2022, kijana mmoja Mwitaliano aitwaye Filippo Bernardini, aliyekuwa akifanya kazi kwa mchapishaji Simon & Schuster huko London, alijikusanyia miswada zaidi ya 1,000 ambayo haikuwa imechapishwa. Mara nyingi hakuvunja mfumo wowote. Aliomba. Alisajili anwani za intaneti zaidi ya 160 zilizofanana na za wachapishaji na mawakala halisi. Herufi r na n zikikaribiana huonekana kama m, na jicho lililochoka halishtuki. Kisha aliandika imeili kwa sauti ya mhariri anayejulikana: naomba toleo la mwisho la ule mswada, tafadhali. Watu wakatuma. Alikamatwa New York Januari 2022, akakiri kosa mwaka uliofuata, na mahakama ikaamuru alipe dola 88,000 kama fidia. Muda aliokuwa amekaa kizuizini ukahesabiwa kuwa kifungo chake.

Kinachonishangaza ni kwamba miswada ile hakuiuza wala kuimwaga mtandaoni. Aliiambia mahakama alitaka kuisoma kabla ya wengine. Yaani alikuwa msomaji. Msomaji mbaya kuliko wote, anayetaka kitabu kabla kitabu hakijakuwa tayari kusomwa, lakini msomaji. Mimi namwelewa kidogo, na hilo linanitia wasiwasi. Nani kati yetu hajawahi kufungua folda ya mtu kwa sababu tu ilifunguka?

Najua kuna msomaji ambaye amenikunjia uso tangu juu. Ananiambia: wewe, linki wazi ndiyo maktaba yetu. Na ni kweli. Nilipokuwa chuo, karatasi za mitihani ya nyuma zilikuja kwa linki. Nusu ya vitabu nilivyosoma kabla sijafika miaka 20 vilikuja kwa folda ya mtu ambaye sijawahi kumwona, ambayo mtu alimtumia mtu aliyenitumia. Kitabu kipya kinaweza kula bajeti ya wiki nzima ya chakula. Siwezi kusimama hapa nikahubiri dhidi ya mlango uliyoniingiza ndani. Naweza tu kusema kwamba mwandishi aliye hai, anayelipa kodi ya nyumba hapa hapa Nairobi, hapati kitu kutoka kwa ile folda, na sasa nikiwa upande wake wa meza naliona hilo tofauti.

Na linki wazi imefanya kazi nzito kuliko kutusomesha. Oktoba 2017, mwandishi wa Marekani Moira Donegan alifungua lahajedwali ya Google ambamo wanawake wa tasnia ya habari wangeweza kuandika, bila kutaja majina yao, madai dhidi ya wanaume wa kuepukwa kazini. Ingekuwa na orodha ya waalikwa isingefanya kazi, kwa sababu orodha ya waalikwa ni orodha ya majina, na majina ndiyo waliyoogopa kutoa. Uwazi ndio uliowalinda. Uwazi huo huo ndio ulioishinda nguvu aliyeianzisha. Kwa saa chache faili ilikua na kusambaa kuliko alivyowaza, na baada ya kama saa 12 akaifunga. Nakala zilikuwa zimeshatoka. Januari 2018 alijitaja mwenyewe hadharani, mwaka huo huo mmoja wa wanaume waliotajwa akamshtaki, na kesi haikuisha hadi walipopatana 2023. Saa 12 za linki, zaidi ya miaka minne ya mahakama.

Kwa hivyo swali langu si kama linki wazi ni nzuri au mbaya. Naona tumekosea mahali pengine: tabia tuliyojifunza tukiwa wasomaji tumeibeba nzima nzima hadi kwenye kuandika. Kazi iliyokamilika inatafuta watu. Iache ikimbie. Rasimu bado inajitafuta yenyewe, na watu inaowahitaji ni wachache, wenye majina, ambao unaweza kuwauliza walimaanisha nini. Siri ya mtungi aijuaye kata, na tunachofanya sisi ni kugawa kata kwa kila apitaye kisimani kisha tunashangaa mbona mtaa wote unajua kina cha maji.

Nafikiri pia tunafungua milango kwa sababu ya adabu. Hii ndiyo sehemu ambayo kampuni za teknolojia haziwezi kuiona kutoka kule ziliko. Kwetu, kumwambia mtu "omba ruhusa" kunasikika kama kumweka mgeni langoni. Mtu akisema haifunguki, tunasikia lawama. Kuuliza "unatumia imeili gani?" kunaonekana kama kumhoji. Basi tunafungua kila kitu ili tusionekane wabaya kwa watu watatu, na tunabaki uchi mbele ya watu tusioweza kuwahesabu.

Na wakati mwingine tunawavua wengine. Umewahi kuona lahajedwali ya mchango wa matanga, au ya watu wa kwenda safari, ikiwa na majina, namba za simu na namba za kitambulisho, wazi kwa mwenye linki? Hizo si rasimu zako. Katiba ya 2010 kwenye kifungu cha 31 inampa kila mtu haki ya faragha, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019. Lakini hata kabla ya sheria, mtu alikupa namba yake akijua anakupa wewe.

Sasa, nafanyaje siku hizi? Sijawa mtaalamu, nimekuwa tu mwoga mwenye mpango. Rasimu naiweka kwa walioalikwa pekee. Kabla ya kualika nauliza "simu yako inafungua na imeili gani?" na nimegundua hakuna anayekasirika. Nawapa nafasi ya kutoa maoni, wala si ya kuhariri: wataandika pembeni, na mimi ndiye nitakayegusa sentensi. Nikilazimika kumpa mtu uhariri, naingia kwa setingi na kuzima ile inayoruhusu wahariri kualika wengine. Siweki rasimu kwa folda ambayo imeshafunguliwa kwa watu wengine, maana faili hurithi ruhusa za folda yake, na hapo ndipo wengi huanguka bila kujua. Kisha nafungua linki yangu mwenyewe kwa dirisha fiche la kivinjari, pale ambapo sijaingia na akaunti yoyote, nione mgeni anaona nini. Siku ya mwisho ya maoni ikipita, nawatoa wote. Mtu akiniandikia akijiita mhariri na kuomba mswada, nasoma anwani yake herufi kwa herufi, kisha nampigia au kumwandikia kwa njia ninayoijua tayari.

Ukiwa na kitu kizito kabisa, jifunze kutoka kwa M-Pesa. Ukiomba taarifa yako, faili inakuja kwa imeili na kodi ya kuifungua inakuja kwa SMS. Njia mbili. Anayeshika moja hana kitu. LibreOffice ni ya bure na inakuruhusu kuhifadhi waraka ukiwa na nenosiri. Tuma faili kwa linki, sema nenosiri kwa simu. Nasisitiza ya bure kwa sababu huku kuna dhuluma ndogo: linki inayojifunga tarehe fulani, au linki yenye nenosiri, kwa Dropbox na kwa OneDrive ni vitu vya wanaolipa. Mlango wazi ni bure. Kufuli ndiyo unanunua.

Na usijidanganye kwamba hivi vyote vinatosha. Ukifunga linki leo, aliyepakua jana bado anayo. Ukizima kupakua, kuna picha ya skrini. Setingi inapunguza idadi ya watu unaolazimika kuwaamini, lakini haifiki sifuri. Wale waliobaki lazima uwaamini kwa njia ya zamani.

Mama alipiga simu siku ya nne. Hakupiga kelele. Aliniuliza kama nimekula. Kisha akasema, "Nimesikia kwa watu kwamba ulitoka chuo."

Binamu yangu alikuwa ameipata ile linki kwa rafiki wa rafiki, akamsomea shangazi, na shangazi ni shangazi. Kama binamu ndiye Kwaga, sijui. Sijamuuliza. Mwenzangu aliyeifowadi alikuwa ameisifu, "cheki hii kitu imeandikwa vipoa", na siwezi kumchukia mtu aliyenipenda vibaya.

Mama bado alikuwa analipa mkopo wa SACCO aliochukua kwa karo ya muhula ambao sikuumaliza. Hilo pia lilikuwa kwa insha. Nikamwambia pole. Akanyamaza, nikasikia redio yake nyuma. Akasema, "Mbona nilikuwa wa mwisho kusomewa?"

Nimehakiki vitabu vingi na sijawahi kuuliza swali zuri kama hilo. Nilikuwa nimeandika kurasa 14 kuhusu mtu mmoja, nikawafungulia watu wote duniani, isipokuwa yeye. Kama kungekuwa na mtu mmoja wa kualikwa kwa jina, alikuwa ni yeye, na ndiye niliyekuwa namkwepa. Yeyote mwenye linki ni watu wengi sana, lakini mama hakuwa nayo.

Wiki hiyo niliifunga faili. Nikaenda saiba, nikaprinti zile kurasa 14, nikazitia kwa bahasha, nikaandika jina lake na namba yake ya simu, nikazituma kwa matatu ya kwenda nyumbani. Nilimpa dereva mkononi. Jioni mama akanitumia ujumbe kwamba bahasha imefika, na kwamba geti letu halijawahi kuwa la buluu, nirekebishe.

Nimerekebisha.